Lugha kongwe za kompyuta: Je, mtandao utazizika?

Kazi yangu ni kufundisha Maarifa ya Uislamu, na mada ninayoipenda kuliko zote ni mirathi, kwani humo mwanafunzi hawezi kujificha nyuma ya maneno. Ama hesabu imekaa sawa, ama haikukaa. Sikutarajia kwamba mirathi ndiyo ingenitumbukiza katika mjadala wa lugha za kompyuta, lakini ndivyo ilivyotokea, na kwa kuwa najua wazazi wengi wanaosoma safu hii wana vijana vyuoni wanaosomea fani hiyo, nimeona si vibaya nikiwasimulia.

Kijana mmoja niliyemfundisha sekondari, ambaye baadaye alisomea kompyuta chuoni, alinitengenezea ukurasa wa intaneti wa kugawa mirathi. Unaandika kiasi cha mali, unataja warithi, unabonyeza, mafungu yanatoka. Nikaujaribu kwa mfano mwepesi wa darasani: mtu amefariki, ameacha mke na watoto watatu wa kiume, na mali iliyobaki baada ya madeni na wasia ni shilingi milioni kumi. Mke akapata thumni yake, 1,250,000. Watoto wakapewa 2,916,667 kila mmoja. Nikajumlisha kwa kalamu, nikapata 10,000,001. Ukurasa ule ulikuwa umegawa shilingi moja ambayo marehemu hakuiacha!

"Ustadhi, shilingi moja tu?" akasema akicheka. Nikamwambia kwangu mimi ni shilingi moja, lakini kwa benki inayogawa faida katika akaunti milioni mbili kila mwezi, ni shilingi milioni mbili ambazo hazijulikani zimetoka wapi. Hapo hakucheka tena. Akafungua kompyuta yake, akaingia sehemu ya kivinjari ambapo mtu huweza kuandika amri za JavaScript moja kwa moja, akaitaka ijumlishe 0.1 na 0.2. Jibu lililokuja halikuwa 0.3. Lilikuwa 0.30000000000000004. Msomaji mwenye kompyuta anaweza kujaribu mwenyewe.

Sababu yake si ubovu wa mashine. Sisi tunahesabu kwa makumi, kwa hiyo hatuwezi kuandika thuluthi kwa desimali tukamaliza, tutaandika 0.3333 mpaka wino uishe. Kompyuta nayo huhesabu kwa mbilimbili, na kwa mbilimbili kisichoandikika kikamilifu ni sehemu moja ya kumi. Mwalimu wa mirathi atalielewa jambo hili upesi: katika yale mafungu sita, nusu, robo na thumni kompyuta huyaandika bila kubakiza kitu, lakini thuluthi mbili, thuluthi na sudusi haiwezi, na senti kumi vilevile haiwezi. Lugha nyingi za kisasa, JavaScript ikiwemo, zisipoambiwa vinginevyo hutumia njia hiyo ya mbilimbili. Ni njia ya kasi na inafaa kwa picha na michezo. Kwa daftari la fedha inahitaji mtu mwangalifu sana.

Ikawa kwamba mtaani kwetu yupo mzee aliyestaafu siku nyingi, ambaye ujanani alifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma. Nilipomsimulia kisa hiki baada ya swala ya Isha, akatikisa kichwa. Akasema wao hawakuwa na tatizo hilo, kwani katika lugha yao mtu alilazimika kutamka mapema kabisa kwamba namba hii ina tarakimu tisa kabla ya nukta na mbili baada ya nukta, na mashine ikazihesabu kwa makumi kama karani anavyohesabu. Akatoa kalamu, akaniandikia nyuma ya bahasha mstari mmoja alioukumbuka kutoka programu ya mishahara: SUBTRACT MAKATO FROM MSHAHARA GIVING MALIPO. Maneno matatu ya Kiingereza, matatu ya Kiswahili, na hata mimi mwalimu wa dini nikaelewa kinachofanyika. Lugha hiyo inaitwa COBOL.

Sasa kwa nini nayaandika haya gazetini? Kwa sababu wiki chache baadaye mama wa kijana yule alinijia na swali zito. Alimsomesha mwanawe kwa biashara ya maandazi na vitenge. Chuoni kijana akafundishwa kutengeneza tovuti kwa kutumia AngularJS, kifaa kilichotolewa na kampuni ya Google mwaka 2010 na kilichokuwa na sifa kubwa wakati ule. Mwishoni mwa mwaka 2021 Google wenyewe waliacha kukihudumia. Kijana akalazimika kujifunza upya, na sasa amepata kampuni ya nje inayotaka vijana wa kufundishwa COBOL kwa miezi kadhaa, kisha wafanye kazi za benki. Wenzake wanamcheka kwamba anakwenda kujifunza lugha ya maiti. Mama anauliza: "Ustadhi, nimwache aende, au ndiyo nitakuwa nimetupa fedha mara ya pili?"

Swali la mama yule haliwezi kujibiwa bila kujua lugha hiyo ilitoka wapi. Mwaka 1959, Marekani, kila aina ya kompyuta ilikuwa na lugha yake. Shirika likibadili mashine, hesabu zote huandikwa upya, na gharama ilikuwa ikiwaumiza. Mtaalamu mmoja mwanamke, Mary Hawes, akahimiza iundwe lugha moja ya biashara itakayokubaliwa na mashine zote. Mwezi Mei mwaka huo Wizara ya Ulinzi ya nchi hiyo ikaitisha mkutano Pentagon, ikaundwa kamati ya watu wa serikali na wa makampuni ya kompyuta. Msingi mkubwa waliuchukua katika kazi ya Grace Hopper, mwanahisabati na afisa wa jeshi la majini, ambaye alikuwa akishikilia kwamba programu ya biashara iandikwe kwa maneno ambayo hata mwenye biashara anaweza kuyafuata. Wengi walimwona anaota ndoto. Desemba 1960 programu ileile moja ya COBOL ikafanya kazi katika mashine mbili za makampuni mawili tofauti.

Kabla ya hapo kilitokea kituko ambacho sikuweza kujizuia kumsimulia mama yule. Mmoja wa wanakamati, Howard Bromberg wa kampuni ya RCA, alichoshwa na mwendo wa kinyonga wa kamati. Akaenda kununua jiwe la kaburi, likachongwa neno COBOL, akampelekea Charles Phillips, kiongozi wa shughuli hiyo kule Pentagon. Jiwe hilo sasa limehifadhiwa katika makumbusho ya kompyuta huko Mountain View, California. Lugha ilichongewa jiwe la kaburi kabla haijaanza hata kazi, na zaidi ya miaka 60 baadaye bado iko kazini. Toleo jipya la kanuni zake za kimataifa limetolewa mwaka 2023.

Walioitabiria kifo hawakuisha. Mwaka 1975 Edsger Dijkstra, msomi mkubwa wa Uholanzi katika elimu ya kompyuta, aliandika kwamba lugha hiyo inaharibu akili na kwamba kuifundisha kungepaswa kuhesabiwa kuwa jinai. Vyuo vikuu vingi vikaanza kuitazama kwa dharau. Ikaja hofu ya mwaka 2000, pale ilipobainika kwamba programu nyingi za zamani ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, ili kuokoa nafasi katika kadi zilizotobolewa na kanda za sumaku, na kwamba 00 ingeweza kusomwa kama 1900. Wastaafu wakaitwa kazini, mabilioni ya dola yakatumika, na watu wakadhani kwamba sasa benki zitaitupa lugha hiyo. Nyingi hazikuitupa. Zilipomaliza kuitengeneza zikawa zimeshaigharimia zaidi kuliko mwanzo, na nani atupe nyumba aliyoikarabati jana?

Kisha ukaja mtandao. Tim Berners-Lee aliuanzisha kule Uswisi mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1995 zikatoka Java na JavaScript kwa pamoja, majina yanafanana lakini si ndugu. Hapa ndipo wengi wanapokosea hesabu. Wanaona COBOL upande mmoja na mtandao upande wa pili kama timu mbili zinazogombea kombe moja. Mimi pia nilidhani hivyo, mpaka kijana alipokaa na kunichorea kinachotokea mteja wa benki moja kubwa ya Ulaya anapotazama salio katika simu. Ukurasa anaouona umeandikwa kwa lugha za mtandao. Ukurasa huo unapeleka swali kwenye seva ya katikati, mara nyingi ya Java. Seva hiyo nayo inabisha hodi kwenye kompyuta kubwa ya benki, ambayo wataalamu huiita meinfremu, na humo ndani kuna msimamizi wa maombi, mathalani ule mfumo wa IBM uitwao CICS uliotolewa mwaka 1969, ambaye anaiamsha programu ya COBOL, programu inasoma daftari, jibu linarudi kwa njia ileile. Yote hayo katika muda wa kupepesa jicho.

Kwa hiyo mtandao ni baraza na COBOL ni chumba cha ndani lilimo sanduku. Baraza linapakwa rangi kila mwaka. Na jambo la kushangaza ni kwamba mtandao haukuipunguzia lugha kongwe kazi, bali umeizidishia. Zamani mteja aliuliza salio mara moja kwa mwezi, akapanga foleni dirishani. Leo anaangalia akiwa kwenye basi, anaangalia tena jioni, na kila akiangalia, programu iliyoandikwa pengine kabla hajazaliwa inaamka kumjibu.

Na tukitazama makaburi ya upande wa pili, tutakuta yamejaa. Flash, iliyotawala michezo na matangazo ya mtandaoni, ilisitishwa rasmi tarehe 31 Desemba 2020. Silverlight ya Microsoft ikafuata Oktoba 2021. Internet Explorer, kivinjari ambacho benki nyingi ziliwahi kuwalazimisha wateja wao wakitumie, kikastaafishwa Juni 2022. Hizi ndizo zilizoitwa teknolojia za kisasa wakati COBOL ikiitwa maiti. Mwezi Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aliondoa kipande chake cha mistari 11 katika ghala la pamoja la JavaScript baada ya kugombana na wasimamizi wake, na miradi mingi duniani ikagoma kujengeka kwa saa kadhaa, kwani ilikuwa inaegemea kipande hicho na wenyewe wengine hawajui.

Simaanishi kwamba kila cha zamani ni bora. Nitakuwa sitendi haki. Idara ya kodi ya Marekani bado inategemea daftari la walipakodi ambalo asili yake ni miaka ya 1960, na kwa zaidi ya miaka 20 imekuwa ikijaribu kulihamisha bila kumaliza. Sheria ikibadilika, kubadili programu ya namna hiyo ni kama kutoa jiwe la chini katika ukuta. Waliokuwa wanajua kwa nini mstari fulani upo wamestaafu au wamekufa, na maelezo hawakuacha.

Lakini ubaya wote husukumwa upande mmoja hata pale usipostahili. Aprili 2020, ugonjwa wa korona ulipofunga biashara, maombi ya posho ya wasio na ajira katika jimbo la New Jersey yalipindukia 200,000 kwa wiki moja. Gavana Phil Murphy akatangaza hadharani kwamba anahitaji watu wa kujitolea wanaojua COBOL. Dunia nzima ikacheka: tazama, lugha ya babu imewaangusha! Mwanahistoria Mar Hicks alilifuatilia jambo hilo na kuandika baadaye mwaka huohuo kwamba sehemu iliyolemewa ilikuwa ile tovuti ya kupokelea maombi, iliyoandikwa kwa Java, na kwamba mfumo wa COBOL nyuma yake uliendelea kufanya kazi. Waliokosa posho zao wiki zile hawakuwa na haja ya kujua ni lugha ipi. Walikuwa na kodi ya nyumba ya kulipa.

Uingereza wana kisa kinachofundisha zaidi. Benki ya TSB, iliyonunuliwa na Sabadell ya Hispania mwaka 2015, ilikuwa ikiendelea kutumia mfumo wa benki ya Lloyds iliyotengana nayo, na kuulipia. Ikaamua kuhamia mfumo mpya kwa mkupuo, mwisho wa wiki moja, tarehe 20 hadi 22 Aprili 2018. Taarifa za wateja zilihama salama. Kilichoanguka ni mfumo mpya wenyewe. Watu waliingia katika akaunti zao wakakuta hazifunguki, wengine wakaona akaunti zisizo zao, matawi yote yakaathirika katika benki yenye wateja milioni 5.2, na mambo hayakutulia kikamilifu mpaka Desemba. Mkurugenzi mkuu Paul Pester aliondoka Septemba mwaka huo. Mwaka 2022 wasimamizi wa fedha waliipiga benki hiyo faini ya pauni milioni 48.65.

Yapo pia mafanikio. Commonwealth Bank ya Australia ilianza kubadili mfumo wake wa ndani mwaka 2008, ikaenda hatua kwa hatua kwa takriban miaka mitano, na ikatumia zaidi ya dola bilioni moja za nchi hiyo. Ukiweka visa hivi viwili pamoja, utaelewa kwa nini wakurugenzi wengi wa benki wanaahirisha. Si kwamba wanaipenda COBOL. Mradi ukifanikiwa mteja haoni tofauti yoyote, na ukishindwa mkurugenzi anapoteza kazi.

Kwa maoni yangu basi, mtandao si adui wa lugha hizi. Mtandao hauna shida na daftari lililo nyuma yake mradi linajibu. Kinachoweza kuziua ni kukatika kwa wajuzi. Daftari la deni ni amana, na ndani ya programu za zamani zimo kanuni za miaka mingi: riba inavyokokotolewa, mkopo ulioahirishwa unavyohesabiwa, mjane anavyolipwa pensheni. Kanuni hizo mara nyingi hazikuandikwa pengine popote. Siku atakapokosekana mtu wa kuzisoma, benki haitakuwa na lugha ya zamani wala ya kisasa; itakuwa na sanduku lililofungwa na ufunguo umezikwa na mwenyewe. Sisi watu wa madrasa tunalijua jambo hili. Kitabu bila mwalimu aliyekisoma kwa mwalimu wake huwa karatasi.

Na hapo hapo ndipo penye kigugumizi changu, maana nimetaja riba. Kijana huyu anakwenda kufanya kazi za benki, na mama yake alitaka kujua na hilo. Ni suala linalostahili makala yake na wenye elimu zaidi yangu, na nilimwelekeza kwa sheikh wetu kabla hajatia saini chochote. Kazi hizo si za benki peke yake. Bima, pensheni, mashirika ya ndege na idara za serikali nao wamo.

Kuhusu ujuzi wenyewe nilimjibu hivi: mwache ajifunze, lakini asiache ule wa mtandao. Mtu anayejua baraza tu ni wengi, wamejaa. Mtu anayejua chumba cha ndani tu ni mzee wetu, na anazeeka. Anayeweza kuingia kutoka baraza hadi chumbani akatoka na jibu sahihi, huyo ndiye anayetafutwa.

Mzee naye nilimwomba amsaidie. Alinieleza jambo ambalo vijana wengi hawalijui, kwamba mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, naye wakati ule ndio kwanza ametoka mafunzoni. Walibaki na mashine zilizokuwepo, wakazitunza kama mayai, na kwa kuwa muda wa mashine ulikuwa haba, programu iliandikwa kwanza kwenye karatasi na kukaguliwa mstari kwa mstari na mtu mwingine. Ndiyo njia anayomfundishia kijana hadi leo, kila Jumamosi baada ya Asri, ingawa kijana ameshaweka katika kompyuta yake programu ya bure ya GnuCOBOL na angeweza kujaribu mara mia kwa saa.

Jumamosi iliyopita niliwakuta barazani. Zoezi la kwanza Mzee alilompa ni ule mfano wangu wa mke na watoto watatu. Kijana ameandika kwa uangalifu, tarakimu mbili baada ya nukta, agawe kwa tatu na aonyeshe kinachobaki. Kila mtoto akatoka na 2,916,666.66. Chini yake mashine ikaandika kilichobaki: 0.02. Hapakuwa na senti iliyozuliwa wala iliyopotea. Mzee akavaa miwani, akaweka kidole juu ya zile senti mbili, akamwuliza, "Na hizi umempa nani?"

Kijana akanigeukia mimi, mwalimu wa mirathi.